LUGHA YETU: Kuganda na Kufanya Fuwele



Mwezi huu tunatazama maneno mawili. La kwanza tunalijua sote. Neno hilo ni kuganda. La pili wengi wetu hatujalizoea. Neno hilo ni fuwele. Lisome taratibu: fu-we-le.

Pengine utauliza, "Mimi ni mkulima. Hiyo fuwele itanisaidia nini?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake liko jikoni kwako. Chumvi unayotia katika mboga ni fuwele. Sukari unayotia katika chai ni fuwele. Magadi unayopikia maharage ni fuwele. Na asali ikiganda ndani ya chombo, imefanya fuwele.

Mtu asiyejua jambo hili anaweza kupata hasara sokoni. Anaweza kuuza asali nzuri kwa bei ya kutupa. Anaweza kuvuna chumvi chungu badala ya chumvi safi. Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Basi sisi na tuambiane.

KUGANDA KUNA MAANA NYINGI

Tuanze na neno tunalolijua. Kuganda kuna maana zaidi ya moja.

Maana ya kwanza: kitu cha majimaji kinakuwa kizito au kigumu. Tunasema:

Maji yameganda, yamekuwa barafu.
Maziwa yameganda.
Damu imeganda kwenye kidonda.
Mafuta ya nazi yameganda kwa baridi.

Maana ya pili: kushikamana na kitu. Tunasema:

Tope limeganda kwenye jembe.
Mtoto amemganda mama yake.
Yule mdai amemganda kama ruba.

Ruba ni mdudu wa majini. Hunyonya damu, na akishika haachii upesi.

Maana ya tatu: kusimama bila kusogea. Tunasema:

Aliposikia simba akinguruma, aliganda pale pale.
Siku hizi vijana husema pia: Simu yangu imeganda.

Neno hili limezaa maneno mengine. Kugandisha ni kufanya kitu kigande. Kugandana ni kushikana, kitu hiki na kile. Kugandua ni kubandua kilichoganda. Maziwa ya mgando ni maziwa yaliyoachwa yakaganda.

Angalia jambo moja. Tunasema pia ganda la yai na maganda ya ndizi. Hilo ni jina la kitu. Ni kifuniko cha nje. Usilichanganye na kitendo cha kuganda.

Umeona, basi? Neno kuganda limebeba mzigo mkubwa. Linabeba maziwa, damu, barafu, chumvi na asali. Vitu hivi vyote huganda, lakini havigandi kwa njia moja. Hapo ndipo neno fuwele linapotusaidia.

FUWELE NI NINI?

Fikiri juu ya matofali. Lori likimwaga matofali chini, tunapata rundo. Tofali moja limelala hivi, jingine limesimama vile. Fundi akiyapanga matofali yale yale, tunapata ukuta. Kila tofali liko mahali pake. Safu ya juu inafuata safu ya chini. Ukuta una uso ulionyooka na una pembe.

Vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo sana. Chembe hizo hatuwezi kuziona kwa macho. Katika vitu vingine chembe hizo zimekaa ovyo, kama rundo la matofali. Katika vitu vingine zimejipanga safu kwa safu, kama ukuta. Kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga hivyo huitwa fuwele.

Chukua chumvi ya mawe. Weka punje chache kwenye kiganja, uzitazame juani. Utaona nyingine zina pande zilizonyooka na pembe, kama dadu au kiboksi kidogo. Hakuna fundi aliyezichonga. Chembe za chumvi zilijipanga zenyewe zikafanya umbo hilo.

Sasa tuseme vizuri. Kitu kikigeuka kuwa fuwele, tunasema kimefanya fuwele. Kwa mfano:

Maji yalipokauka, chumvi ilifanya fuwele.
Asali hii imeanza kufanya fuwele.

Lugha yetu inaruhusu pia neno hilo lizae kitenzi. Kama vile ganda huzaa gandisha, fuwele inaweza kuzaa fuwelisha. Kufuwelisha ni kukifanya kitu kiwe fuwele. Kiwanda cha sukari kinafuwelisha sukari.

JE, HURUDI?

Tutajuaje kwamba kitu kilichoganda kimefanya fuwele? Jikoni tunaweza kuuliza swali moja: Je, hurudi?

Barafu ikipata joto hurudi kuwa maji. Mafuta ya nazi yakipata joto hurudi kuwa majimaji. Chumvi ikitiwa katika maji huyeyuka, haionekani tena. Sukari vilevile. Asali iliyoganda ikipata joto kidogo hurudi kuwa laini. Vitu hivi vyote vinapoganda hufanya fuwele. Ukiharibu safu zake, hurudi vilivyokuwa.

Sasa tazama maziwa yaliyoganda. Yapashe moto. Je, yatarudi kuwa maziwa mabichi? Hayarudi. Yatazidi kukatika. Yai lililochemshwa halirudi kuwa yai bichi. Damu iliyoganda kwenye kidonda hairudi kuwa damu ya kutiririka. Hapa hakuna fuwele. Katika maziwa na yai, protini zimebadilika na kushikamana kama nyuzi zilizofungana. Katika damu, mwili wenyewe umetengeneza nyuzi za kuziba kidonda.

Kipimo hiki ni cha jikoni. Hakitoshi kwa maabara. Kioo cha dirisha, kwa mfano, huyeyuka kwa moto mkali sana na huganda tena kikipoa. Lakini kioo si fuwele. Chembe zake zimekaa ovyo kama rundo la matofali. Kwa hiyo si kila kinachong'aa ni fuwele. Hata hivyo kwa chumvi, sukari na asali, kipimo chetu kinatosha.

CHUMVI: KAZI YA JUA NA MOTO

Maji yana kiasi chake cha kubeba. Gramu 100 za maji ya kawaida hubeba gramu 36 hivi za chumvi. Ukizidisha, chumvi hubaki chini hata ukikoroga kutwa. Tunasema maji hayo yameshiba.

Maji ya bahari hayajashiba. Lita 1 ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za aina mbalimbali. Sehemu kubwa ni chumvi ya kula. Ndoo moja ya lita 20 inaweza kutoa karibu nusu kilo ya chumvi ya kula. Ili kuipata, sharti maji yapungue hadi yashibe.

Wananchi wa pwani wanaijua kazi hii. Huko Bagamoyo, Tanga, Lindi, Mtwara na Pemba kuna mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa katika mabwawa yasiyo na kina. Jua na upepo hukausha maji. Kidogo kidogo maji yanayobaki huzidi kuwa makali.

Hapa kuna jambo la maana sana. Chumvi zilizomo katika maji ya bahari hazifanyi fuwele kwa wakati mmoja. Kila moja ina zamu yake. Kwanza huanguka chokaa na jasi. Kisha, ndoo 10 za maji zikibaki kama ndoo 1, ndipo chumvi ya kula inapoanza kufanya fuwele. Mwisho hubaki maji machungu. Maji hayo yana chumvi za magnesi.

Mvunaji mwenye ujuzi hutumia zamu hizo. Huyaacha chokaa na jasi katika bwawa la kwanza. Huyahamisha maji makali kwenda bwawa jingine. Huko huacha chumvi ifanye fuwele. Halafu huyamwaga maji machungu kabla hayajakauka, huvuna chumvi na kuiosha kwa maji ya chumvi safi.

Mwenye pupa huacha kila kitu kikauke pamoja. Atapata mzigo mkubwa zaidi, lakini chumvi yake itakuwa chungu. Tena chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa na kulowana ghalani. Mnunuzi akiionja mara moja, harudi. Chumvi ile ile ya bahari, jua lile lile, lakini mmoja amejua zamu za fuwele na mwingine hakujua.

Bara nako kuna chumvi. Mkoani Kigoma, huko Uvinza, kuna chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Ruchugi. Wenyeji walichota maji hayo, wakayachemsha katika vyungu mpaka chumvi ikabaki. Wachunguzi wa mambo ya kale walichimba hapo katika miaka ya 1960. Walikuta majiko na vigae vya kazi hiyo vyenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Chumvi ya Uvinza ilisafiri mbali, ikauzwa katika nchi za kandokando ya Ziwa Tanganyika. Wazee wetu hawakuwa na maabara. Lakini kazi ya kufanya fuwele waliifahamu sana.

Jambo jingine. Fuwele za chumvi nyingi huonekana nyeupe, lakini macho hayawezi kuona kama chumvi ina madini joto. Madini joto huongezwa baada ya chumvi kuvunwa. Mwili ukikosa madini hayo, mtu hupata rovu shingoni. Mama mjamzito akiyakosa, akili ya mtoto wake inaweza kudumaa. Kwa hiyo soma maandishi ya pakiti kabla ya kununua. Kujua kusoma ni kinga pia. Ukifika nyumbani, weka chumvi hiyo katika chombo kikavu chenye kifuniko.

SUKARI: KAZI YA MBEGU

Sukari ni tofauti kidogo na chumvi. Maji ya moto na maji ya baridi hubeba chumvi karibu sawa. Sukari sivyo. Gramu 100 za maji ya kawaida hubeba gramu 200 hivi za sukari. Maji yanayochemka hubeba zaidi ya mara mbili ya hizo. Kwa hiyo maji mazito ya sukari yakipoa, yanakuwa yamebeba kuliko uwezo wake. Ni kama mtu aliyejitwika gunia mbili. Ukimgusa kidogo tu, ataliangusha moja.

Katika viwanda vyetu, kama vile Kilombero, Mtibwa, Kagera na TPC huko Moshi, miwa hukamuliwa. Maji ya miwa husafishwa na kuchemshwa mpaka yawe mazito. Kisha hutiwa punje ndogo sana za sukari. Punje hizo huitwa mbegu. Chembe za sukari zilizomo katika maji huja kujipanga juu ya mbegu hizo. Mbegu hukua, zikawa punje tunazozijua. Halafu mashine inayozunguka kwa kasi hutenganisha punje hizo na maji meusi mazito. Maji hayo ndiyo molasi.

Sukari guru nayo hutokana na miwa. Lakini yenyewe huchemshwa na kugandishwa bila kutoa molasi. Ndiyo sababu rangi yake ni ya kahawia, na haina punje kubwa zinazong'aa.

Likumbuke neno hilo, mbegu. Litatusaidia sasa hivi tunapofika kwenye asali.

ASALI: MANENO YA SOKONI

Msikilize mama muuza asali na kijana mnunuzi. Mazungumzo haya yametungwa kwa mfano, lakini maneno kama haya husikika katika masoko mengi.

Mnunuzi: Shikamoo mama.

Mama: Marahaba mwanangu. Karibu asali.

Mnunuzi: Mbona asali hii imeganda? Ina punje. Hapa mmetia sukari, mama.

Mama: Hatutii sukari, mwanangu. Asali hii inatoka mizingani.

Mnunuzi: Asali safi haigandi. Nitakupa nusu ya bei.

Mama huyo akikosa maneno ya kujibu, atauza kwa hasara. Kazi ya msimu mzima itakwenda kwa neno moja: imeganda. Basi tumpe jibu.

Asali ni sukari nyingi katika maji machache. Katika gramu 100 za asali, sukari ni karibu gramu 80. Sukari hizo ni hasa za aina mbili. Moja huitwa glukosi, nyingine fruktosi. Fruktosi huyeyuka kwa urahisi zaidi. Glukosi haiyeyuki kwa urahisi kama hiyo. Kwa hiyo asali imebeba glukosi kuliko uwezo wa maji yake. Ni yule mtu wetu aliyejitwika gunia mbili.

Ikipata nafasi, glukosi hufanya fuwele. Nafasi hiyo huletwa na mambo matatu.

Jambo la kwanza ni maua. Nyuki hukusanya utamu wa maua ya aina nyingi. Maua mengine hutoa asali yenye glukosi nyingi, na asali hiyo huganda upesi. Mengine hutoa asali yenye glukosi chache. Asali hiyo inaweza kukaa muda mrefu bila kuganda.

Jambo la pili ni baridi. Asali hufanya fuwele upesi zaidi kwenye baridi ya nyuzi 10 hadi 15 hivi. Ndiyo maana asali iliyokuwa laini kule Tabora wakati wa joto inaweza kuganda ikifikishwa Njombe wakati wa kipupwe.

Jambo la tatu ni mbegu. Chavua ya maua, vipande vya nta, au mabaki ya asali ya zamani ndani ya chombo huwa mbegu. Glukosi hujipanga juu yake, kama sukari kiwandani.

Basi asali safi huganda. Mnunuzi aliyesema kwamba asali safi haigandi amekosea. Lakini tuseme kweli yote. Asali iliyochanganywa na sukari nayo inaweza kuganda. Kwa hiyo kuganda peke yake hakuthibitishi kwamba asali ni safi, wala hakuthibitishi kwamba ni chafu. Ukweli wa asali hujulikana kwa kupimwa maabara, na kwa uaminifu wa muuzaji.

Sasa mama yetu ajibu hivi:

Mama: Mwanangu, hizo punje ni fuwele. Sukari ya asali yenyewe imejipanga kwa sababu ya baridi. Ukiipa joto kidogo, itarudi. Kama una shaka, ichukue ikapimwe. Lakini bei yangu ni ile ile.

Hayo ndiyo manufaa ya neno. Mama hakubadili asali yake. Amebadili maneno yake tu, na maneno hayo yamelinda jasho lake.

JINSI YA KUTUNZA ASALI ILIYOGANDA

Kama mteja anataka asali laini, fanya hivi:

1. Pasha maji katika sufuria mpaka yawe ya vuguvugu. Yawe maji ambayo mkono wako unaweza kuvumilia.
2. Ondoa sufuria motoni.
3. Simamisha chombo cha asali ndani ya maji hayo. Kifuniko kiwe kimefungwa, maji yasiingie.
4. Ngoja. Koroga asali mara kwa mara kwa kijiko kikavu. Maji yakipoa, yabadili.
5. Usiweke asali juu ya moto. Joto kali huondoa harufu nzuri ya asali na kupunguza ubora wake.

Kuna jambo moja la kuangalia. Wakati mwingine asali huganda chini, na juu hubaki majimaji. Glukosi imejifungia katika fuwele huko chini. Juu kumebaki maji mengi zaidi kuliko mwanzo. Kama asali ilikuwa na maji mengi, sehemu hiyo ya juu inaweza kuchacha. Utaona mapovu na kusikia harufu ya pombe. Huo ndio uharibifu wa kweli. Haukutokana na fuwele zenyewe. Umetokana na maji.

Kwa hiyo vuna masega ambayo nyuki wameyaziba kwa nta. Masega ambayo hayajazibwa bado yana maji mengi. Tumia chombo kikavu na kisafi. Funga vizuri, kwa sababu asali hunyonya unyevu wa hewa.

Chama cha wafugaji nyuki kinaweza pia kuandika maneno haya juu ya chombo: "Asali hii inaweza kuganda wakati wa baridi. Haijaharibika. Weka chombo katika maji ya vuguvugu." Maneno hayo ni machache. Yataokoa ugomvi mwingi.

FUWELE ZA ARDHINI

Ardhi nayo hufanya fuwele. Magadi ya Ziwa Natron hufanya fuwele maji ya ziwa yanapokauka kwa jua. Ni kazi ile ile ya mabwawa ya chumvi, ila hapa hakuna aliyechimba bwawa.

Vito vingi ni fuwele zilizofanyika chini ya ardhi, zamani sana, kwa joto na mgandamizo mkubwa. Almasi ya Mwadui ni fuwele ya kaboni. Kaboni ndiyo pia sehemu kubwa ya mkaa tunaopikia. Mpangilio wa chembe ndio umeleta tofauti. Tanzaniti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967, ni fuwele pia.

Hata barafu ya kilele cha Kibo ni fuwele. Ni fuwele za maji.

NENO HILI MIDOMONI MWETU

Tumalizie kwa lugha. Kuna wakati tunatumia maneno haya kwa mambo yasiyoshikika. Hapo tuwe waangalifu.

Mtu asiyetaka kubadili fikra zake, hata akionyeshwa ukweli, tunasema ana mawazo mgando. Hilo si neno la sifa. Ni kama maji ya dimbwi yasiyotiririka. Yule mnunuzi asiyetaka kusikiliza habari za asali ana mawazo mgando.

Lakini mawazo yaliyokuwa yametawanyika yakipangika vizuri, hatusemi kwamba yameganda. Tunasema yamekomaa, au yameiva, au yamepangika. Kijiji kikikaa mkutano, watu wakabishana, mwisho wakapata mpango mmoja, mpango wao umeiva. Ukisema umeganda, watu watafikiri umekwama.

Basi kumbuka hivi. Katika lugha yetu, mawazo yakiganda ni mabaya. Asali ikiganda si mbaya. Tope likiganda kwenye jembe ni kero. Damu ikiganda kwenye kidonda ni nafuu. Neno ni lile lile. Ubaya au uzuri wake hutokana na kitu kilichoganda.

JARIBU MWENYEWE

Darasa la kisomo linaweza kufanya jaribio hili:

1. Chukua kikombe cha maji ya moto.
2. Tia chumvi kijiko kimoja kimoja, ukikoroga. Acha unapoona chumvi haiyeyuki tena.
3. Chuja maji hayo kwa kitambaa safi.
4. Mimina maji kidogo katika sahani mbili.
5. Weka sahani moja kwenye jua kali. Weka nyingine kivulini, mahali ambapo haitatikiswa.
6. Tazama kila siku mpaka maji yakauke.

Kwa kawaida sahani ya juani hukauka upesi na kutoa punje ndogo nyingi. Sahani ya kivulini huchelewa na kutoa punje kubwa zaidi, zenye pembe nzuri. Chembe zilizopewa muda hujipanga vizuri. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja vitu vitatu vinavyoganda kwa kufanya fuwele, na viwili vinavyoganda bila kufanya fuwele.
2. Kwa nini mvunaji wa chumvi humwaga maji machungu kabla hayajakauka?
3. Mnunuzi anasema asali iliyoganda imetiwa sukari. Utamjibu nini?
4. Tunga sentensi tatu zenye neno kuganda. Kila moja iwe na maana tofauti.
5. Katika kijiji chako, ni bidhaa gani hushushwa bei kwa sababu wanunuzi hawaijui vizuri? Mnaweza kufanya nini?

MANENO YA KUKUMBUKA

Chavua: unga wa maua ambao nyuki hubeba.
Fuwele: kitu kigumu ambacho chembe zake zimejipanga safu kwa safu.
Jasi: madini laini meupe yanayotumika kutengenezea plasta na chaki.
Kuchacha: kuharibika na kuwa na ladha kali kama pombe au siki.
Kushiba (kwa maji): kufikia mwisho wa kubeba chumvi au sukari.
Molasi: maji meusi mazito yanayobaki baada ya kutoa sukari.
Rovu: uvimbe wa shingoni unaotokana na kukosa madini joto.